Uzoefu wangu na klabu ya kuvua kwa chambo cha manyoya, Dar es Salaam

Wengi wanaoona picha zangu pale Coco Beach, nikirusha mshipi wa rangi ya chungwa mbele na nyuma juu ya kichwa, huniuliza maswali mawili: huo ni mchezo gani, na je, uanachama wa klabu yake unalipa? Nianze na la pili. Unalipa, tena sana, kwa mtu anayetaka kuijua bahari. Anayetaka kitoweo aende soko la samaki la Feri alfajiri. Atapata samaki wazuri, na saa mbili asubuhi yuko nyumbani.

Sasa mchezo wenyewe: ni kuvua kwa chambo cha manyoya, Waingereza wanaita fly fishing. Katika uvuvi wa mshipi tuliouzoea, chubwi, kile kipande cha risasi, ndiyo inayokwenda mbali na kuvuta mshipi nyuma yake. Huku chambo ni manyoya machache yaliyofungwa kwenye ndoana, mepesi kabisa, hayaendi popote yenyewe. Uzito uko kwenye mshipi, ambao ni mnene na umevikwa plastiki. Unaupeleka nyuma kwa fimbo, unasubiri unyooke, ndipo unaupeleka mbele. Kule kusubiri ndiko kunakowashinda wenye nguvu. Nimemwona dada mmoja wa Tabata, mwembamba, akirusha mbali kuliko vijana wa gym waliokuja siku ile ile, kwa sababu yeye aliuacha mshipi umalize safari yake ya nyuma.

Makocha wetu hawafundishi mkono peke yake, wanafundisha na upepo. Ufukwe wa Oysterbay, ndiyo hiyo Coco Beach, unatazama mashariki. Kusi inapovuma, kuanzia miezi ya Mei na Juni, upepo unakuja kutoka mkono wa kulia, na kwa anayerushia mkono wa kulia ndoana inasukumwa moja kwa moja usoni. Kwa hiyo miwani na kofia ni lazima, hakuna mjadala, na mgeni hafungiwi ndoana mpaka kocha aridhike. Wakati huo tunafundishwa kurushia juu ya bega la kushoto. Kaskazi ikiingia, Desemba hivi, upepo unahamia upande wa pili na mambo yanakuwa mepesi. Hakuna aliyewahi kunieleza pepo hizi kwa namna hii, na mimi nimezaliwa mjini hapa.

Lakini kilichonifanya nibaki ni jioni za kufunga chambo. Tunakaa kwenye meza ndefu, kila mtu na kijiliwato chake kidogo cha kubania ndoana, uzi, gundi na mkasi. Vifaa vya dukani vinaagizwa nje na bei yake inauma, kwa hiyo wanachama wamejifunza kutafuta hapa hapa. Manyoya ya shingo ya jogoo yanatoka kwa wachinja kuku. Nywele za mkia wa mbuzi zinatoka Vingunguti machinjioni, zinaoshwa kwa sabuni na kuanikwa. Macho ya chambo tunayakata kwenye ule mnyororo wa vishanga unaoshikilia kizibo cha sinki, unaouzwa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya bomba. Nyuzi zinazometameta tunazipata kwa wauza mapambo.

Kuna chambo kinaitwa Clouser Minnow. Alikibuni Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1980, kwa ajili ya samaki wa mtoni, na nywele zake ni za mkia wa paa wa huko. Siri yake ni macho mazito yaliyofungwa upande mmoja wa ndoana: kikizama kinageuka, ncha ya ndoana inatazama juu, hivyo hakinasi ovyo kwenye miamba na nyasi. Sisi tunakifunga kwa nywele za mbuzi, rangi nyeupe na kijani, mfano wa dagaa. Kolekole anakipenda. Mzia naye anakipenda kupita kiasi, ila meno yake yanakata uzi kama wembe, kwa hiyo anayemlenga huyo hutanguliza kipande cha waya.

Safari za kuvua hupangwa kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya ofisi. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapwa sana mida ya saa nne au saa tano asubuhi, nasi tunatangulia kufika Kigamboni tukiwa na viatu vya soli nene. Yakianza kujaa ndipo samaki wanapanda kwenye kina kifupi kutafuta kaa na uduvi, na hapo ndipo tunapowangoja. Unatembea kwa kuburuta miguu ili taa aliyejifukia mchangani akimbie kabla hujamkanyaga. Bongoyo na Mbudya hatuvui, ni maeneo tengefu tangu 1975, na klabu imemwondoa mtu kundini kwa kupuuza hilo. Uamuzi huo uliungwa mkono na wengi, mimi nikiwemo.

Kuhusu kuwarudisha samaki majini, nieleze vizuri kwa sababu ndiko watu wanakokwama. Mzee mmoja mvuvi, ambaye klabu humwalika atufundishe maji, alituuliza siku ya kwanza: "Wanangu, mmehangaika naye hivyo, sasa mnamwachia wa nini?" Pakawa na mjadala mkali ambao haujaisha hadi leo. Msimamo uliopo ni kwamba mwiba wa nyuma wa ndoana unabanwa kwa koleo ili itoke bila kuchana, kolekole mkubwa na samaki wote wachanga wanarudishwa, na kila mtu anaruhusiwa nguru au changu mmoja wa kula. Naukubali. Kolekole mkubwa ndiye anayetaga mayai mengi, na miamba yetu imeshaumizwa vya kutosha na miaka ya uvuvi wa mabomu. Na yule mzee, ambaye bado hakubaliani nasi, sasa huja mwenyewe bila kuitwa.

Yapo yanayohitaji kurekebishwa. Fimbo za kuazima ni chache, mnapokezana, na siku ya watu wengi unatumia muda mrefu ukitazama wenzako. Matangazo kwenye kundi la WhatsApp huja usiku wa manane kwa safari ya kesho yake. Na mikutano yote iko upande wa Masaki na Msasani. Mtu wa Gongo la Mboto au Mbagala anamaliza nauli na nguvu kabla hajashika fimbo. Nimelisema hili kikaoni na nitaendelea kulisema, maana vijana wanaoishi mbali ndio wenye hamu kubwa zaidi.

Ada yenyewe haikunitisha. Usinunue fimbo mapema. Azima ya klabu mpaka ujue mkono wako, kisha tafuta fimbo namba 8 au 9 (namba hiyo ni ya uzito wa mshipi inaourusha) ya maji chumvi, yenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, isiyoshika kutu, na ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila utokapo baharini. Anza na jioni ya kufunga chambo, mgeni halipi. Ukiwa na kuku wa kuchinja nyumbani, njoo na manyoya ya shingoni, hasa meupe, hayo huisha haraka.