Kuchagua vali ya daivata kwa gari la turbo: anza na springi

Mnunuzi wa vali ya daivata kwa kawaida huulizwa turbo yake, yaani feni inayoshindilia hewa kwenye injini, inajaza bari ngapi za presha, kisha huuziwa springi ngumu kadiri jibu lake linavyokuwa kubwa. Swali hilo limefanya vali nyingi nzuri zilaumiwe bure, kwa sababu springi haikuwekwa pale ili kuzuia presha ya turbo. Hapa nimezipanga vali zinazouzwa, kuanzia ninayoipendekeza zaidi hadi ninayomsihi msomaji asiinunue, na nimezipima kwa jambo moja: je, vali hiyo inakuwezesha kupata springi inayolingana na ombwe la injini yako, yaani mvuto wa hewa unaotokea ndani yake unapoachia mafuta?

Unapoachia mafuta ghafla, throtli (kilango kinachoingiza hewa kwenye injini) hujifunga huku turbo ikiwa bado inazunguka kwa kasi, na hewa iliyoshindiliwa hukosa pa kwenda. Kazi ya vali ni kufunguka na kuirudisha hewa hiyo kwenye njia ya kuingilia, kabla ya turbo. Isipofunguka, hewa hurudi kinyumenyume kupitia feni ya kompresa, ndipo unaposikia sauti kama ya njiwa anayepiga mbawa. Feni hupoteza kasi, na ukikanyaga tena baada ya kubadilisha gia, nguvu inachelewa kurudi.

Tuchukue vali yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 25, yaani eneo la takriban sentimita 4.9 za mraba, na turbo inayojaza bari 1. Ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho, presha hiyo inaisukuma pistoni kutoka chini kwa nyutoni 49, lakini mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwa silinda, baada ya throtli) unaleta presha ileile juu ya pistoni, na kwa eneo lilelile nguvu hizo mbili zinafutana. Ipandishe turbo hadi bari 2 na bado zitafutana. Sasa achia mafuta: juu ya pistoni linaingia ombwe la bari 0.65, ambalo linavuta kwa nyutoni 32, na chini bado kuna zile 49, jumla 81. Springi ya nyutoni 40 inaachia mara moja. Ya 70 inafunguka kwa shida na kujifunga mapema, na ya 90 haifunguki kabisa, hata kama kifungashio chake kinaiita springi ya magari yenye nguvu.

Springi laini kupita kiasi nayo ina hasara yake. Throtli ikiwa nusu wazi, presha iliyo kabla yake huizidi iliyo baada yake, na tofauti ya bari 0.3 tu inaisukuma pistoni ile kwa nyutoni 15. Springi ya 10 itavujisha hewa njia nzima bila wewe kujua. Unachotafuta, basi, ni springi laini kuliko zote ambayo bado inabaki imefungwa unapokanyaga nusu. Vali ikifunguka kidogo gari likiwa kwenye silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, si kosa kwa aina inayorudisha hewa ndani, kwani hewa hiyo imeshapimwa na sensa. Kwa vali inayotema hewa nje, kwenye injini yenye sensa ya kupima hewa, uvujaji huohuo huvuruga mchanganyiko wa mafuta.

Nafasi ya kwanza naipa vali ya pistoni ambayo mtengenezaji wake anauza springi za ugumu mbalimbali na kueleza kila moja inafaa ombwe la kiasi gani. Maelezo yakitaja bari za turbo peke yake, omba ufafanuzi kabla ya kulipa. Vali hii hudumu na kufunguliwa kwa urahisi, ila inahitaji utunzaji: pistoni isafishwe na kupakwa grisi isiyodhuru oringi, maana pistoni kavu inayokwama huonyesha dalili zilezile za springi ngumu. Nilipata kulihangaikia gari lililokuwa likipiga mbawa kila nikiachia mafuta, nikabadilisha springi mara mbili, na kumbe tatizo lilikuwa uchafu uliokauka kwenye ukuta wa silinda ya vali.

Ya pili ni vali mpya ya kiwandani yenye dayaframu, yaani utando wa mpira badala ya pistoni, na kwa gari ambalo halijaongezwa nguvu ningeipandisha hata juu ya ile ya kwanza, kwa kuwa springi yake ilichaguliwa pamoja na injini yenyewe. Bosch 0 280 142 110 ndiyo inayojulikana zaidi katika kundi hili. Udhaifu wake ni mpira, ambao huchanika kwa joto na umri. Ukinunua iliyotumika, ijaribu papo hapo: sukuma kisahani cha ndani kwa kidole mpaka mwisho, ziba kichuchu cha mpira wa ombwe kwa kidole gumba, kisha achia kisahani. Kikibaki juu, dayaframu ni nzima. Kikirudi, hata polepole, iache.

Vali ya skrubu ya kukaza na kulegeza naiweka ya tatu. Inavutia, lakini skrubu hukaza springi ileile iliyopo. Kama springi yenyewe ni nene mno, kuilegeza mpaka mwisho hakutasaidia. Anza ikiwa imelegezwa kabisa, ukaze robo mzunguko kwa kila jaribio.

Vali za umeme, kama zile za injini za 2.0 TFSI za Audi na Volkswagen, sizipangi pamoja na hizi. Hapo solenoidi (sumaku ya umeme) ndiyo inayofungua, na toleo la mwanzo la dayaframu, iliyokuwa ikichanika, lilifuatwa na la pistoni. Nunua la pistoni, na usibadilishe springi kivyako, kwa sababu nguvu ya solenoidi ina kikomo.

Ya mwisho ni vali ya kuiga inayouzwa na springi moja ngumu, isiyo na maelezo wala vipuri. Usiinunue hata kwa bei ya kutupa. Kuweka washa (kipete cha chuma) chini ya springi ya vali nzuri ili kuikaza kunaiharibu kwa namna hiyohiyo.

Kabla ya kuagiza chochote, unganisha geji ya ombwe kwenye manifoldi, injini ikiwa imepata moto na ipo kwenye silensa, na usome kipimo. Injini nyingi zenye afya husoma kati ya bari 0.6 na 0.7. Kamshafti kali na miinuko mirefu kutoka usawa wa bahari hupunguza kipimo hicho, kwa hiyo magari hayo yanahitaji springi laini zaidi. Kipimo kikiwa chini bila sababu kama hizo, kagua kwanza mpira mwembamba unaokwenda kwenye vali, hasa pale unapochomekwa kwenye kichuchu, kwa kuwa ufa wa hapo huonekana tu mpira ukikunjwa.