Kibodi imevurugika baada ya kusasisha Linux: amri ya papo hapo au faili la mfumo?

Umesasisha mfumo, ukiwasha kompyuta unabonyeza Shift na 2 upate @, inatokea alama ya kunukuu. Kibodi haijaharibika. Mfumo umehamia mpangilio wa Uingereza, ambao hubadilisha nafasi za alama hizo mbili, ilhali vitufe vyako ni vya Marekani.

Njia ya haraka ni kufungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na kuandika setxkbmap us. Herufi hurudi mahali pake papo hapo, bila nenosiri la msimamizi. Lakini ukitoka kwenye akaunti au kuzima mashine, tatizo linarudi. Tena amri hii ni ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Ukiwa kwenye Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyo hiyo, usiitegemee, tumia mipangilio ya eneokazi lako.

Njia ya pili, kwa Debian na Ubuntu, ni sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration. Utaulizwa maswali kadhaa, na majibu yataandikwa kwenye faili la /etc/default/keyboard, katika mstari wa XKBLAYOUT. Kisha washa upya mashine. Faida yake kubwa ni skrini ya kuingilia: nenosiri lenye alama hukataliwa pale ingawa unalijua vizuri, na setxkbmap uliyoandika ndani ya akaunti haifiki huko. Kwa sababu hiyo mimi huchagua hii.

Ya kwanza naitumia kupima tu: ikirekebisha herufi, najua kosa ni la mpangilio, si la waya wala vitufe.