Nililipia kipimo cha damu cha ujauzito, nikaletewa "hakuna jibu"

Nina miaka 38, mimba ya tatu, naishi Dar es Salaam. Daktari alinishauri nipime damu kuona uwezekano wa mtoto kuwa na tatizo la kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli), hasa nakala ya ziada ya ile ya 21, inayoleta hali ya Down. Nikaenda maabara binafsi nikiwa na wiki 10 na siku moja. Damu ikasafirishwa nje ya nchi. Bei yake ni kodi yangu ya miezi mitatu.

Siku ya 12, Ijumaa jioni, ukaja ujumbe: "Sampuli haikutoa matokeo. Fika urudie." Basi. Napiga simu, haipokelewi. Dada yangu akaniambia, "Wameona kitu, wanaogopa kukwambia." Nani angelala?

Jumatatu daktari akaidai ripoti kamili. DNA inayosomwa hutoka kwenye kondo la nyuma, ikaelea katika damu ya mama. Maabara nyingi hutaka ifike kama asilimia 4 ya DNA yote inayoelea humo; yangu ilikuwa 2.8. Nilipima mapema mno, halafu nina kilo 97, na mama akiwa na mwili mkubwa ile ya kondo humezwa na DNA yake mwenyewe.

Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini. Alisema hilo si jibu zuri wala baya, ila mimba zinazokosa jibu hukutwa na matatizo ya kromosomu mara nyingi kidogo kuliko nyingine, kwa hiyo tusikae tu. Ningeweza kurudia damu, au kuacha hayo nikasubiri wiki ya 15 nichukuliwe maji ya uzazi kwa sindano: jibu lake ni la uhakika, ila kuna hatari ndogo ya mimba kutoka. Siku hiyo hiyo akanipima ultrasaundi, akaangalia unene wa ngozi nyuma ya shingo ya mtoto. Uko sawa.

Nikarudia wiki ya 13, bila malipo. Safari hii asilimia 5.1, uwezekano mdogo. Mdogo, si sifuri. Ultrasaundi ya viungo ya wiki ya 20 naifanya vilevile.

Nyota tatu kati ya tano. Moja nimeikata kwa ule ujumbe, ya pili kwa sababu hakuna aliyeniuliza uzito wala kuniambia nisubiri wiki mbili zaidi. Siku ya kulipia, simu walipokea kwa mlio wa kwanza.