Kujiunga na chuo kingine sasa, au kusubiri mwaka mmoja?

Anayekataliwa na chuo alichokitamani kwa muda mrefu hubaki na njia mbili: kujiunga mara moja na chuo kingine kilichomkubali, au kusubiri mwaka mmoja na kuomba upya. Kusubiri kuna maana pale tu ombi la pili litakapokuwa na jambo jipya, kama vile alama bora za mtihani uliorudiwa, kwa kuwa ombi lilelile likipelekwa tena aghalabu hupata jibu lilelile.

Kujiunga sasa, njia ninayoipendelea mimi, humwezesha mwanafunzi kuanza masomo bila kupoteza mwaka, na baadaye, akiwa bado anakitamani chuo kile (wengi hukisahau), aombe uhamisho. Hata hivyo, ahifadhi muhtasari, yaani orodha ya mada zinazofundishwa, wa kila somo alilofaulu, kwani chuo kinachopokea wanafunzi wanaohama huweza kulinganisha mada moja baada ya nyingine kabla ya kukubali kulihesabu somo hilo. Kasoro ya kujiunga sasa ni kwamba ufadhili uliotengewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza mara nyingi hauwafikii wanaohamia, na hapo ndipo anayesubiri humzidi mwenzake.