Miezi minane na kitochi

Jioni ya kwanza niliimaliza simu. Sisemi chaji, nasema simu yenyewe. Nilipita menyu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho: majina, meseji, redio, kikokotoo, kalenda, kengele ya kuamka, tochi, mchezo wa nyoka, kisha nikajikuta nimerudi kwenye majina. Dakika kumi na moja. Kidole gumba kikapapasa skrini chenyewe, kikitaka kuivuta juu kione kuna nini chini. Hakukuwa na kitu chini. Nikaiweka mezani, na kwa kuwa usingizi ulikuwa haujaja, nikakaa tu.

Sikuinunua kwa kutafuta utulivu. Simu janja yangu ilipasuka kioo kwa mara ya pili, nikaona uvivu kuipeleka kwa fundi, nikachukua simu ya batani ya kusogezea siku. Nilijiambia wiki mbili. Sasa ni miezi minane, kioo kilishatengenezwa zamani, na kitochi ndicho kinachokaa mfukoni. Chapa siitaji, maana nina malalamiko yangu, na hata hivyo ukivipanga vitochi kumi vya namna hii huoni tofauti kubwa: skrini ndogo, vitufe, betri ya kuchomoa, tundu la hedfoni, na kamera ambayo ni heri wasingeiweka.

Nianze na kuandika, kwa sababu hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kila kitufe kina herufi tatu au nne, na unabonyeza mpaka ifike unayoitaka. Baada ya siku kadhaa nikaanza kuhesabu bila kukusudia. "Mama" ni mibofyo minne tu, kwa sababu m ni ya kwanza kwenye 6 na a ni ya kwanza kwenye 2. "Dada" nayo ni minne. "Kaka" ni sita. "Baba" pia ni sita, lakini ndiye msumbufu kuliko wote: a na b zinakaa kitufe kimoja, kwa hiyo baada ya kila herufi lazima utulie kidogo, la sivyo b inageuka c. "Samahani" ni kumi na mitano. "Hapana" ni minane na "ndiyo" ni kumi na miwili, na nakiri kuna mialiko niliyoikataa kwa sababu ya uchovu wa kidole.

Nilijaribu ule msaada wa kukisia maneno, ambapo kila kitufe unakibonyeza mara moja tu na simu inachagua neno. Kiswahili hakikuwemo kwenye yangu, nikawasha Kiingereza kwa kubahatisha. Nikamwandikia dada yangu "nakuja" herufi kwa herufi, halafu "sasa" nikaiachia kamusi. Ikaenda "nakuja papa", maana sasa na papa zote ni 7272. Dada akajibu: "Papa yupi tena?" Nikaizima siku hiyo hiyo.

Meseji moja ina nafasi ya herufi 160, ukihesabu na nukta na nafasi tupu. Kila meseji hubebwa katika baiti 140, yaani biti 1,120, na kila herufi ya alfabeti ya kawaida ya mtandao hula biti saba. Ukizidisha, inakatwa vipande vya herufi 153, kwa kuwa sehemu ya nafasi inatumika kuviunganisha tena vikifika. Ila ikiingia alama moja tu ya nje ya alfabeti hiyo, mpaka unashuka hadi herufi 70. Emoji moja inatosha. Inatosha hata ile apostrofi iliyopinda ambayo baadhi ya simu janja huiweka zenyewe ukiandika ng'ombe. Nilikuwa simwelewi shemeji yangu, meseji yake isiyo ndefu inafika vipande vitatu. Kumbe ni vile viua anavyomalizia. Kwangu viua havionekani, vinakuja viboksi vitupu. Siku moja aliniandikia "Tumefika salama" na viboksi vinne nyuma yake. Mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia.

Matokeo yake napiga simu. Jambo lililokuwa likichukua meseji ishirini za "uko wapi", "nipo hapa", "hapa wapi", sasa ni sekunde arobaini za maongezi na limekwisha. Hapo ndipo nilipoanza kukielewa kitochi. Kila kitu ndani yake kina mwisho. Meseji zina mwisho, kisanduku chake kinajaa na lazima ufute, nyoka anajigonga anakufa, simu inakatwa. Unaishika kwa jambo moja, jambo likiisha hakuna kingine cha kukushikilia humo, unairudisha mfukoni. Simu janja sikuwahi kuimaliza hata siku moja, na nadhani kilichonichosha kwenye ile ni hicho zaidi ya kelele zake.

Kuhamisha majina kulinitoa jasho. Kwa kila mtu, laini ya simu kwa kawaida huhifadhi jina moja na namba moja, na laini nyingi hubeba majina kama 250 hivi. Niliyakopi yote kwenye laini kutoka simu janja, nikaona mambo ni mepesi. Sikujua laini yangu inakata jina likifika herufi 14. Sasa mimi nilikuwa na watu wawili niliowaandika kwa uangalifu mkubwa: "Fundi wa friji mzuri" na "Fundi wa friji tapeli". Hesabu mwenyewe herufi, pamoja na nafasi. Wote wawili wakatoka "Fundi wa friji". Friji ilipogoma nilimpigia wa kwanza kwenye orodha, akapokea kwa furaha iliyonitia shaka, na akaja haraka kuliko fundi yeyote mwaminifu anavyokuja. Ushauri wangu: kabla ya kuhama fupisha majina, au yaandike kwa mkono kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, ambayo kwa kawaida inaruhusu jina refu zaidi. Na kama laini yako ni ile ndogo ya kisasa na kitochi kina tundu kubwa, tafuta fremu ya plastiki ya kuikalisha. Usiichomeke peke yake, wala usiichomeke fremu ikiwa tupu, maana inaweza kunasa kwenye vile vijino vya ndani ikaving'oa.

Sasa sehemu ambayo wanaosifia vitochi huwa hawaisemi. Kazi uliyokuwa ukifanyiwa na simu janja haipotei, inahamia kwa mtu. Kwangu ilihamia kwa mwenzangu wa kazini. Ratiba ya zamu inatumwa kwenye grupu kama picha, nilimwomba anisomee. Mabadiliko ya ratiba, anisomee tena. Nikipotea njia nampigia aangalie ramani. Mgeni akituma namba ya gari kwa WhatsApp, inafikia kwake. Wiki ya tatu akanivuta pembeni.

"Kaka, mimi nimekuwa karani wako. Tena bila mshahara."

Hakucheka. Na alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nikitembea na moyo mweupe, natazama mawingu, yeye simu yake inalia mara mbili. Kama unafikiria kuhama, jiulize kwanza nani atakuwa karani wako, halafu kamuulize na yeye.

Nilitengeneza hivi. Simu janja niliitoa laini nikaiweka nyumbani kwenye droo, inatumia Wi-Fi tu. WhatsApp haihitaji laini iwe ndani ya simu ile ile. Inahitaji namba ithibitishwe mara moja, na msimbo wa kuthibitisha ulikuja kwa meseji kwenye kitochi. Kazini nimeiunganisha na kompyuta, kwa hiyo ratiba naisoma mwenyewe. Kuna mtego mmoja: simu mama isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa hutolewa. Nilitolewa mara moja asubuhi ya zamu mbaya, na tangu hapo kila Jumapili nafungua droo, naiwasha, nasoma ya ndugu na jamaa, natazama picha za watoto waliokua bila ruhusa yangu, naizima. Ndugu walinuna mwanzoni. Mjomba bado amenuna. Wengine wamezoea kwamba jambo la haraka ni la kupiga, na yasiyo ya haraka, ambayo kumbe ndiyo karibu yote, yatangoja Jumapili.

Kuna vitochi vinavyotangazwa kwamba vina programu ndani. Usinunue kwa ahadi hiyo. Duka la KaiOS, mfumo uliokuwa maarufu kwenye simu za aina hiyo, liliondolewa WhatsApp mwaka 2024, na aliyenunua kwa ajili yake tu ndiye aliyeumia. Kitochi kinunue kwa kile ambacho kingekifanya hata intaneti isingekuwepo.

Kingine cha kuangalia kabla ya kutoa pesa, na hiki ni kizito kuliko rangi na betri, ni mtandao. Vitochi vingi vya bei ya chini kabisa ni vya 2G tu, yaani mtandao wa simu wa kizazi cha pili, na 2G inazimwa nchi moja baada ya nyingine. Marekani, kampuni ya AT&T iliizima mwanzoni mwa 2017. Australia ilishaizima 2G, ikaizima na 3G mwaka 2024. Mahali kama hapo kitochi cha 2G ni tochi tu, basi. Uliza kampuni ya laini yako mipango yake. Ikiwezekana chukua kitochi cha 4G, tena uliza kama kinapiga simu za sauti kupitia 4G, yaani VoLTE, kwenye mtandao wako wewe. Nembo ya 4G kwenye boksi haitoshi kuthibitisha hilo. Cha kwangu ni cha 4G, na ndiyo maana chaji yake haifikii zile hadithi za zamani za wiki mbili. Nachaji Jumapili, Ijumaa jioni kinaanza kulia. Kwa betri isiyofika hata robo ya ile ya simu janja, sina neno.

Kuhusu usalama, watu wanajidanganya. Ni kweli hakuna programu inayokufuatilia, lakini meseji na simu za kawaida hazina ule usimbaji wa mwanzo hadi mwisho kama wa WhatsApp, unaowaachia mtumaji na mpokeaji peke yao, na kitochi kikiibiwa hakuna njia ya kukifuta ukiwa mbali. Mwizi anakuta meseji zako zote wazi. Mbaya zaidi, misimbo ya benki inakuja humo humo. Mimi nimeweka PIN ya laini, ambayo wengi hawajawahi kuigusa. Ukiikosea mara tatu inadai PUK, namba nyingine ya kuifungulia laini, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa, kwa hiyo iandike mahali pasipo mfukoni. Laini yenye PIN ikichomolewa ikawekwa kwenye simu nyingine haifanyi kazi bila hiyo namba. Hiyo ni nusu ya kinga. Nusu nyingine ni kufuta meseji za benki ukishazisoma.

Benki yenyewe si tatizo nililoliogopa. Huduma za nyota na reli (* na #) zinafanya kazi vizuri, ila menyu zake hazikusubiri. Ukisita kidogo inakutupa nje na unaanza upya. Nilijifunza kuandika namba ya ninayemlipa kwenye karatasi kabla ya kuanza, kama mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani na kibomu.

Redio ni nzuri, lakini lazima uchomeke hedfoni kwa sababu waya ndio antena. Tochi sina la kusema zaidi ya kwamba imenisaidia mara nyingi kuliko kamera. Spika ya nje inapasuka sauti ukiipandisha. Kengele ya kuamka inaamsha jirani.

Kasoro inayoniuma kweli ni kitufe cha 7. Kimeanza kukwama mwezi wa sita, na hicho ndicho chenye s, ambayo ni ya nne, p, q, r, ndipo s. Kila s ni kugandamiza mara nne kitufe kilichochoka. Kiswahili bila s ujue ni kazi: sisi, sasa, salama, siku, simu, samahani. Miaka yote nilikuwa nikiwacheka vijana wanaoandika "xaxa". Halafu nikatazama kitufe cha 9: x ni ya pili. Mibofyo miwili badala ya minne, na kitufe chenyewe kizima.

Juzi nikamwandikia dada: "Nimetoka kazini xaxa hivi."

Akanipigia, si kuandika. "Wewe na umri huo," akasema, "mara papa, mara xaxa. Kuna mtu amekuibia hiyo simu?"