Death Valley kwa Gari la Umeme la Kukodi: Tathmini ya Siku Tatu

Mwishoni mwa Februari mimi na dada yangu tulikodi gari la umeme mjini Las Vegas, tukashuka nalo hadi Hifadhi ya Taifa ya Death Valley, jangwa lililoko California, tukakaa humo siku tatu, kisha tukatokea upande wa magharibi kuelekea mji mdogo wa Lone Pine na hatimaye kulirudisha gari Los Angeles. Lilikuwa gari la ukubwa wa kati lenye betri ya kilowati-saa 75 na uzito wa tani mbili na ushei, ambalo kwenye barabara tambarare hutembea takriban kilomita 400 kwa chaji moja. Kabla ya safari karibu kila mtu alituuliza swali lile lile, kama betri ingetufikisha, na tumerudi tukiwa na hakika kwamba wengi huhesabu kilomita pale ambapo walipaswa kuhesabu mita za kupanda.

Hifadhi hii ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 13,700, na hakuna hifadhi ya taifa ya Marekani inayoizidi nje ya Alaska. Bonde la chumvi la Badwater liko mita 86 chini ya usawa wa bahari, na ukisimama hapo hapo unakiona kilele cha Telescope Peak chenye mita 3,368. Furnace Creek, ambako kuna kituo cha wageni, malazi na chaja za magari, pako mita 58 chini ya usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba unalala chini kabisa, na karibu kila mahali utakapotaka kwenda kesho yake pako juu yako, isipokuwa Badwater yenyewe, iliyo kilomita 27 tu kwa barabara ya lami.

Jambo hilo tulilielewa vizuri siku ya pili, tulipokwenda Dante's View, mahali pa juu mlimani pa kutazamia bonde zima. Tuliondoka Furnace Creek saa kumi na moja na nusu alfajiri, betri ikiwa na asilimia 94, ili tulikute jua likichomoza. Safari ni ya kilomita 39 tu, lakini unapanda zaidi ya mita 1,700. Kuliinua gari la tani mbili na ushei hadi urefu huo kunahitaji karibu kilowati-saa 10, kabla hujahesabu upepo, msuguano wa matairi na joto la ndani ya gari. Kilomita za mwisho ndizo kali zaidi, na nilipokuwa nikizungusha usukani dada yangu alikuwa akinisomea namba kwenye kioo cha dashibodi, 74, 73, 72, karibu kila baada ya kona chache. Tulifika juu tukiwa na 71. Tulikuwa tumetumia karibu robo ya betri kwa safari ambayo kwenye tambarare isingetumia hata asilimia 10, na mtu asiyejua kinachotokea angeweza kugeuza gari katikati ya njia kwa hofu.

Lakini kushuka kuna hesabu yake. Gari la umeme linapoteremka, mota yake hugeuka kuwa jenereta, ikalizuia gari lisikimbie na wakati huo huo ikarudisha umeme kwenye betri. Kutoka Dante's View hadi Furnace Creek sikukanyaga breki zaidi ya mara tano au sita, na tulipofika chini namba ilisomeka 75, yaani tulirudi hotelini na chaji nyingi kuliko tuliyokuwa nayo kileleni. Kwa sababu malazi yako chini ya bonde, nusu ngumu ya matembezi huja asubuhi, ukiwa umetoka kuchaji, na nusu nyepesi huja wakati wa kurudi. Ukiwa na chaji ya kukufikisha juu, ya kurudi unayo tayari. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kuelezwa na kampuni iliyotukodishia gari, kuliko karatasi ya kurasa nne ya masharti ya bima.

Nikiwa nimeitaja kampuni hiyo, niseme wazi kwamba hapo ndipo palipotuudhi. Tulikabidhiwa gari likiwa na asilimia 58, ingawa tuliahidiwa si chini ya 80, tukapoteza muda wa asubuhi kituoni kabla hata ya kutoka mjini. Kwa sasa magari na chaja za Amerika Kaskazini vinatumia plagi za aina zaidi ya moja, na bila adapta unaweza kusimama mbele ya chaja nzima isiyokufaa kitu. Mhudumu alikuwa mpole na mwenye adabu, lakini hakujua gari lake lina soketi ya aina gani, na adapta ilipatikana kwenye droo baada ya sisi kukataa kuondoka bila hiyo. Jioni ile ile Furnace Creek tuliihitaji. Anayekodisha gari la umeme kwa watu wanaoelekea jangwani ana wajibu wa kujua mambo haya kabla ya mteja.

Njia ya kuingia yenyewe haina shida. Kutoka Las Vegas unapita mji wa Pahrump, ambako kuna chaja za kasi, na ningemshauri kila mtu asimame hapo hata kama namba inaonyesha inatosha, kwa kuwa ndani ya hifadhi chaja tulizozikuta ni za polepole. Kutoka Pahrump hadi Furnace Creek ni kilomita 97 hivi, na mwelekeo wa jumla ni mteremko, kwa hiyo tulitoka na 90 tukafika na 73. Kiingilio ni dola 30 kwa gari, kinatumika siku saba, na hakilipwi kwa fedha taslimu bali kwa kadi.

Chaja ya usiku tuliyoitumia ilitoa takriban kilowati 7. Kwa betri ya gari letu hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 9 kwa saa, kasi inayotosha kabisa kwa mtu anayelala na isiyomfaa anayepita. Asiyelala ndani ya hifadhi asiitegemee. Plagi ni chache, na usiku wa kwanza mgeni mwenzetu mmoja aliliacha gari lake limeunganishwa hadi asubuhi ilhali taa ilionyesha limejaa tangu saa tatu usiku. Nilisubiri, nikarudi, nikasubiri tena, na hatimaye tukaanza siku ya pili tukiwa na 94 badala ya 100 kwa sababu tulipata nafasi saa nane usiku kwenye plagi nyingine. Ni jambo dogo mjini, ambako kuna kituo kingine mtaa wa pili. Hapa waya mmoja ndio safari ya kesho ya mtu mwingine.

Jioni tulikwenda kwenye matuta ya mchanga ya Mesquite Flat, karibu na kijiji cha Stovepipe Wells. Tangu 2013 hifadhi hii inatambuliwa kimataifa kwa giza la anga lake, na hapo gari lisilo na injini lina thamani kubwa. Unalizima na hakuna chuma kinachogonga-gonga kikipoa wala harufu ya mafuta, na baada ya dakika chache unasikia mchanga ukiteleza ukingoni mwa tuta, sauti nyembamba kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Hata hivyo gari letu liliwaka taa za mbele kila tulipokaribia na ufunguo, likiwaharibia macho wote waliokuwa wakitazama nyota, na ilitubidi tuzitafute ndani ya menyu tatu ili kuzizima. Kamera za ulinzi nazo, ambazo hubaki macho gari likiwa limeegeshwa, zilikula asilimia 2 za betri jioni hiyo. Zizimeni mapema, zote mbili.

Racetrack Playa, uwanda maarufu wa mawe yanayosogea na kuacha nyayo kwenye tope lililokauka, hatukwenda. Barabara yake kutoka Ubehebe, kreta ya volkano, ni kilomita 43 za mawe makali yanayopasua matairi, na gari letu, kama magari mengi ya umeme, halikuwa na tairi la akiba bali chupa ya povu la kuziba tundu dogo. Sehemu kubwa ya hifadhi haina mtandao wa simu, kwa hiyo pakua ramani mapema na ubebe walau lita nne za maji kwa kila mtu kwa siku.

Tathmini hii ni ya majira ya baridi, tulipopata nyuzijoto 23 mchana. Kiangazi ni jambo jingine mahali ambapo Julai 1913 palipimwa nyuzijoto 56.7. Betri yenye joto kali hujaa polepole hata kwenye chaja za kasi, na kiyoyozi hufanya kazi bila kupumzika.

Karibu na Furnace Creek yapo mabaki ya Harmony Borax Works, ambako kati ya 1883 na 1888 misafara ya nyumbu ilivuta mabehewa ya boraksi, madini yanayotumika katika sabuni, hadi mji wa Mojave, kilomita 265, kwa siku kumi, ikikokota nyuma yake tangi la maji yake yenyewe. Nilisimama mbele ya mabehewa yale kwa muda mrefu. Gurudumu la nyuma linanizidi kimo, na ukanda wake wa chuma ni mpana kuliko kiganja changu.

Siku ya tatu tulitoka na 100 kwa njia ya Towne Pass, kipito cha mlimani chenye mita 1,511, tukashuka Bonde la Panamint na kupanda tena. Kwenye mwinuko zipo alama zinazowaomba madereva wazime kiyoyozi ili injini zisichemke, na magari mawili yalikuwa yamesimama kando, boneti juu. Letu lilipanda bila kubadili sauti. Upepo wa mbele ulikuwa mkali, na baada ya kilomita 167 hivi tulifika Lone Pine tukiwa na 41.

Nitakwenda tena kwa gari la umeme, majira ya baridi, nikilala Furnace Creek usiku mbili au zaidi. Gari lenyewe nalipatia nyota tano. Kampuni iliyotukodishia nawapa mbili, moja ya adapta na moja ya upole wa mhudumu.