Saluni ya mtaa wa Shela, Malindi: dawa ilipochoma

Kwa kusuka, hapa hapana neno. Kasoro ni kwenye dawa ya kulainisha nywele: msusi mgeni wa kazi huachiwa mteja peke yake. Vaselini aliipaka utosini, akasahau kingo za paji, nyuma ya masikio na kisogo, na hapo ndipo dawa huanza kuuma. Mteja alipolalamika, aliambiwa avumilie kidogo. Kosa kubwa! Dawa hii ni alkali kali. Ikianza kuchoma huoshwa papo hapo, hata kama dakika za kwenye pakiti hazijaisha.

Mwenye saluni alipoingia, mambo yalibadilika. Maji ya bomba, ya baridi kiasi, yasiyopungua dakika 20, kichwa kimeinamishwa nyuma yasiingie machoni. Kisha shampuu ya kukata dawa: povu likiwa na rangi ya waridi, dawa bado imo; huoshwa tena hadi litoke jeupe. Hakuna ndimu, hakuna mafuta, hakuna drai. Pakitoka malengelenge, ni hospitali. Aliomba radhi, akarudisha pesa zote.

Ila kumwahidi mteja kusukwa bure wiki hiyohiyo si fidia. Ngozi iliyoungua haivutwi hadi ipone kabisa, na maji ya bahari yasubiri pia.

Ukienda kutia dawa, usikune kichwa siku mbili kabla, na uulize kwanza kama tangi lina maji. Malindi bomba hukauka bila taarifa.